Nani Anaweza Kuondoka? Marufuku ya Kuvuta Sigara Mahali pa Umma na Swali la Haki

Sigara ni bidhaa halali. Huuzwa dukani mchana kweupe na hulipiwa ushuru, na serikali ile ile inayopokea ushuru huo ndiyo inayomkataza mnunuzi asiivute ofisini, ndani ya basi, katika mgahawa wala katika ukumbi wa mikutano. Mvutaji anayelalamika kwamba hapo pana mgongano hasemi upuuzi. Malalamiko yake yana sehemu mbili zinazofaa kutenganishwa: kwanza, kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe; pili, kwamba mahali pa umma ni pa umma wote, naye akiwamo. Makala hii inayapima malalamiko hayo kwa kuyaweka mbele ya yale ambayo sayansi ya tiba imeyathibitisha kuhusu moshi wa sigara, na mbele ya yale ambayo baadhi ya mahakama, hasa za Afrika Mashariki, zimeyaamua.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba madhara ya sigara kwa mvutaji mwenyewe si hoja inayotosha kuihalalisha marufuku hii. Kama ingetosha, serikali ingekuwa na haki pia ya kuingia jikoni na kumpimia kila raia chumvi na mafuta. Historia inazo marufuku za namna hiyo, wala hazijengi sifa njema. Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu dhidi ya tumbaku mwaka 1604, akiichukia hata harufu yake, na mwaka huo huo akaupandisha ushuru wake mara nyingi. Mgongano wa ushuru na karipio, kumbe, si wa leo. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku tumbaku mwaka 1633, na adhabu ya aliyekamatwa iliweza kuwa kifo. Katika adhabu hiyo hakuna mtu aliyelindwa.

Marufuku ya siku hizi inadai kusimama juu ya msingi mwingine kabisa. Inadai kwamba baina ya mvutaji na serikali yupo mtu wa tatu ambaye hakuiwasha sigara lakini anaivuta. Kwa hiyo swali la kwanza ni la kitabibu: je, mtu huyo yupo kweli, na anadhurika kwa kiasi gani?

Moshi wa pembeni

Sigara inapowaka hutoa moshi wa namna mbili. Upo ule unaopita katika kichungi, ukaingia mapafuni mwa mvutaji na kupulizwa nje; na upo ule unaofuka wenyewe kutoka kwenye ncha inayowaka, baina ya mvuto mmoja na mwingine. Huu wa pili ndio sehemu kubwa ya moshi unaotanda chumbani. Tumbaku inayofuka polepole huungua kwa joto dogo kuliko inapovutwa, kwa hiyo haiungui kikamilifu, na moshi wake hauchujwi na kitu chochote. Gramu kwa gramu, una sumu nyingi zaidi kuliko ule anaouvuta mwenye sigara. Katika moshi wa tumbaku zimetambuliwa kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Benzini, formaldehaidi na aseniki zimo.

Ushahidi uliowashtua wengi ulitoka Japani. Mnamo Januari 1981 mtaalamu wa magonjwa ya jamii, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake walioolewa wapatao 91,540 ambao wenyewe hawakuvuta sigara. Wale ambao waume zao walivuta walikufa kwa saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta, na hatari hiyo ilipanda kadiri idadi ya sigara za mume ilivyopanda. Mwezi huo huo Dimitrios Trichopoulos na wenzake walitangaza matokeo yanayofanana kutoka Ugiriki. Tafiti mbili zilizofanywa mbali mbali, kwa mbinu tofauti, zilikuwa zimefikia jibu moja. Kampuni za tumbaku zilitumia miaka mingi na fedha nyingi kulitia shaka jibu hilo. Mnamo Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho ya Marekani aliamua kwamba kampuni kubwa za nchi hiyo zilikuwa zimeuhadaa umma, na miongoni mwa mambo ziliyouhadaa ni madhara ya moshi kwa wasiovuta.

Mwaka huo huo wa 2006 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyokusanya tafiti za miongo miwili. Asiyevuta sigara anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi wa wengine, ilisema ripoti, huongezewa hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Iliongeza kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuitwa salama.

Takwimu ya moyo inahitaji maelezo, kwa kuwa hupingana na hisabati ya kawaida. Mtu aliye kando ya mvutaji huvuta sehemu ndogo tu ya moshi anaouvuta mwenye sigara. Ingetazamiwa basi hatari yake nayo iwe ndogo kwa kiasi hicho hicho. Kwa saratani mambo huenda takriban hivyo. Kwa moyo sivyo. Ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, ambao kazi yake ni kuilegeza mishipa damu inapohitajika kwa wingi, huvurugwa hata na dozi ndogo ya moshi, na chembe sahani za damu huanza kunata, jambo linaloandaa njia ya kuganda kwa damu. Mwaka 2001 watafiti wa Osaka waliwaweka vijana wenye afya katika chumba chenye moshi wa sigara kwa dakika 30. Kwa wale wasiovuta, uwezo wa mishipa ya moyo kuongeza mwendo wa damu ulishuka ukakaribia ule wa wavutaji. Muda wa kula chakula cha mchana ulitosha.

Kwa watoto moshi huo huongeza pumu, nimonia, maambukizo ya sikio la kati na vifo vya ghafla vya vichanga. Hapa lakini ukweli wote usemwe: mtoto huupata moshi hasa nyumbani, mahali ambapo marufuku ya mahali pa umma haifiki. Wapo pia watakaosema kwamba moshi wa kuni na mkaa jikoni huwaua wengi kuliko wa sigara ya jirani. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hilo si la kubishaniwa. Ila mama anayepika kwa kuni hajachagua moshi huo, na kushindwa kuuondoa mmoja si sababu ya kuuongeza wa pili.

Hoja ya mlango

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, aliweka kanuni ambayo hadi leo hutumiwa na pande zote mbili za mjadala huu: jamii ina haki ya kuuzuia uhuru wa mtu pale tu unapowadhuru wengine. Wale wanaomtetea mvutaji hawaikatai kanuni hiyo. Husema kwamba madhara aliyoyakubali mtu mwenyewe hayahesabiki. Baa ina mlango. Asiyeutaka moshi asiingie, au akiingia, atoke. Kwa nini serikali iingilie makubaliano ya watu wazima ndani ya biashara ya mtu binafsi?

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na haijibiwi kwa kurudia takwimu za saratani. Hujibiwa kwa kuuliza ni nani hasa anayeweza kuutumia mlango huo. Mteja anaweza. Hukaa saa mbili, akikereka hulipa na kwenda baa ya pili. Lakini katika chumba hicho hicho yupo mhudumu anayebeba trei na kufuta meza, na anayeinama karibu na kila mvutaji ili kusikia anaagiza nini. Zamu yake haiishi kwa saa mbili, wala haiishi kwa siku moja. Kumwambia atoke ni kumwambia aache kazi, na katika mji ambapo anayesubiri nafasi yake amesimama nje, uhuru huo ni wa jina tu. Ridhaa ya mtu asiye na njia ya kuondoka haiitwi ridhaa.

Katika sehemu nyingine za kazi jambo hili halibishaniwi. Hakuna anayemwambia mfanyakazi wa mgodi kwamba kama hapendi vumbi la mawe akatafute kazi ya ukarani. Sheria ya Tanzania ya usalama na afya mahali pa kazi ilipitishwa mwaka 2003, mwaka ule ule wa sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na msingi wake ni kwamba mwajiri ndiye anayedaiwa hewa salama. Ni vigumu kueleza kwa nini deni hilo liishie kwenye mlango wa baa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa mwaka 2018, watu wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote nchini Tanzania ni asilimia 8.7, na wengi wao ni wanaume. Wanaohudumu katika baa za nchi hiyo wengi ni wanawake. Hewa ya pamoja, kwa lugha nyepesi, imekuwa ikigawanywa na wachache kwa hasara ya wengi wasiovuta.

Upande wa pili wa mizani yapo anayoyapoteza mvutaji. Sheria haimfukuzi, huizuia sigara mlangoni, yeye hupita. Hatakiwi kuacha kuvuta, hanyang'anywi pakiti yake, wala hazuiwi kukaa na wenzake. Anatakiwa atoke nje kwa dakika chache kisha arudi. Hasara hiyo ni ya kweli, hasa usiku wa mvua au kwa mtu ambaye uraibu umemkaba, na kuidharau si uungwana. Haifiki, hata hivyo, uzito wa hasara ya mtu anayelazimika kuchagua baina ya mshahara na mapafu yake.

Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza kuondoa moshi katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwamo, tarehe 29 Machi 2004. Wengi walibashiri kwamba sheria hiyo ingekufa ndani ya wiki, kwa sababu baa kwa watu wa nchi hiyo ni kama baraza kwa watu wa mwambao. Haikufa. Watafiti walitumia fursa ya mpaka: Ayalandi ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, wakati huo haikuwa na sheria kama hiyo. Wakapima kotinini katika mate ya wahudumu wa baa wasiovuta wa pande zote mbili, kabla na baada. Kotinini ni kile ambacho mwili huigeuza nikotini. Asiyevuta akikutwa nayo, ameipata kwa moshi wa wengine, na kipimo hicho hakitegemei kumbukumbu wala maoni ya mtu. Upande wa Jamhuri kotinini ilishuka kwa asilimia 80. Upande wa Kaskazini ilishuka kwa asilimia 20.

Ushahidi na mipaka yake

Kupungua kwa nikotini mwilini si sawa na kupungua kwa ugonjwa, na hapa msomaji hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu wapenzi wa marufuku nao hupenda kutia chumvi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mji mdogo wa Helena katika jimbo la Montana, Marekani. Mwaka 2002 mji huo ulikuwa na marufuku kwa miezi sita kabla mahakama haijaisimamisha. Katika miezi hiyo waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walikuwa 24, ilhali miezi kama hiyo katika miaka mingine wastani ulikuwa 40. Asilimia 40 ya mishtuko ya moyo ilionekana kutoweka. Idadi ndogo namna hiyo, lakini, hupanda na kushuka hata bila sababu. Mji wenye wagonjwa 40 hauwezi kubeba hitimisho la dunia nzima.

Utafiti uliofanywa Uskoti ulikuwa imara zaidi. Marufuku ilianza huko Machi 2006, na watafiti wakahesabu wagonjwa wa moyo waliolazwa ghafla katika hospitali tisa, mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata, huku wakiwapima damu ili kuthibitisha nani anavuta na nani havuti. Waliolazwa walipungua kwa asilimia 17, wakati huo huo Uingereza jirani, iliyokuwa haijaanza sheria yake, upungufu ulikuwa asilimia 4 tu. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba thuluthi mbili ya upungufu huo ilitokana na watu wasiovuta sigara. Uingereza ilipofuata mwezi Julai 2007, utafiti wa nchi nzima ulipata upungufu wa asilimia 2.4, yaani wagonjwa wapatao 1,200 katika mwaka wa kwanza. Sehemu nyingi za kazi za Uingereza zilikuwa tayari zimeondoa moshi kwa hiari kabla ya sheria, kwa hiyo faida iliyobaki kuvunwa ilikuwa ndogo. Pia Uskoti, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kila mwaka kabla ya 2006. Baada ya sheria wakaanza kupungua.

Kutoka asilimia 40 hadi 2.4 ni mteremko mkubwa, na anayetaka kuidhihaki marufuku anaweza kuutumia. Lakini wagonjwa 1,200 ni watu 1,200, na mwelekeo wa tafiti kubwa ni mmoja.

Chumba cha wavutaji

Maelewano yanayopendwa na wengi ni kumtengea mvutaji chumba chake. Sheria ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zote ziliiacha njia hiyo wazi. Kwa masikio ya mwanasheria ni suluhu ya haki: kila mtu ana pake. Kwa fizikia ya hewa si suluhu. Moshi hufuata mlango unapofunguliwa, hupenya dari, na kiyoyozi kinachozungusha hewa ya jengo zima huusambaza hadi vyumba vya wasiovuta. Mwaka 2005 jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi ya Marekani, ambayo wanachama wake wangefaidika kwa kuuza mitambo, ilitamka kwamba njia pekee ya kuondoa hatari hiyo ndani ya jengo ni kutoruhusu uvutaji ndani yake. Miongozo ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, iliyopitishwa mwaka 2007, ikasema vivyo hivyo. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007.

Chumba hicho kina dhuluma mbili nyingine zisizosemwa sana. Hoteli kubwa inaweza kukijenga. Mwenye mgahawa wa meza sita hawezi, hivyo sheria humpa tajiri wateja ambao maskini amekatazwa kuwapokea. Ya pili ni kwamba chumba hakijisafishi. Yupo mtu anayeingia kumwaga majivu na kupeleka vinywaji, na mtu huyo ndiye yule yule ambaye marufuku ilikusudiwa kumlinda.

Mbele ya majaji

Uganda ndiyo iliyolifikisha swali hili mahakamani mapema katika eneo hili. Mnamo Desemba 2002 Jaji Kiongozi J. H. Ntabgoba aliamua kwamba uvutaji usiodhibitiwa mahali pa umma unakiuka haki za wasiovuta, yaani haki ya uhai na ile ya mazingira safi na yenye afya iliyomo katika ibara ya 39 ya Katiba ya nchi hiyo. Kesi ilikuwa imeletwa na chama cha watetezi wa mazingira, na jambo la kujifunza ni namna ilivyojengwa: hawakuiomba mahakama imhukumu mvutaji, waliomba hewa. Sheria kamili ilikuja mwaka 2015, ikaanza kutumika Mei 2016, na pingamizi la kampuni ya British American Tobacco likatupwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2019.

Kenya ilipita njia yenye kona. Kanuni za kukataza uvutaji zilizotangazwa na Wizara ya Afya mwaka 2006 zilisimamishwa na mahakama, na nchi ikalazimika kusubiri sheria ya Bunge ya 2007. Kucheleweshwa huko kuna maana yake. Haki haimo katika lengo peke yake; imo pia katika utaratibu, na marufuku inayotungwa bungeni hadharani ina uhalali kuliko inayochapwa kwenye gazeti la serikali kwa saini ya mtu mmoja. Katiba ya Tanzania, kwa upande wake, katika ibara ya 30 inasema haki na uhuru wa mtu visitumiwe kwa namna inayovuruga haki za wengine au maslahi ya umma. Ni kanuni ya Mill kwa maneno ya kwetu.

Pale marufuku inapovuka mipaka

Kipimo cha nani anaweza kuondoka kina faida moja: hukata pande zote mbili. Kinaihalalisha marufuku ndani ya basi, wodi, darasa na baa. Hicho hicho kinaionyesha pale inapokosa msingi.

Chukua hewa ya wazi. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa California mwaka 2007 vilionyesha kwamba mtu aliye nusu mita kutoka kwa mvutaji, hata nje, anaweza kupata moshi unaokaribia ule wa ndani ya nyumba; lakini akisogea zaidi ya mita mbili moshi karibu wote hupotea, na sigara ikizimwa hewa husafika mara moja. Foleni ya kituo cha mabasi na viti vya uwanja wa mpira, kwa hiyo, vinaingia kwa haki katika marufuku, kwa kuwa aliyebanwa humo hawezi kusogea. Ufukwe mtupu hauingii. Sheria ya Uganda inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na katikati ya Kampala ni shida kuipata nukta iliyo mbali kiasi hicho na kila mlango. Umbali huo hauwezi kutetewa kwa moshi peke yake. Unaweza kutetewa kwa hoja nyingine, kwamba watoto huiga wanachokiona, lakini basi hoja hiyo itajwe kwa jina lake isijifiche nyuma ya mapafu ya mpita njia.

Japani ilifanya kinyume, na kwa muda mrefu. Wilaya ya Chiyoda mjini Tokyo ilianza kuwatoza faini wavutaji wa barabarani mwaka 2002, kwa sababu ya takataka na kwa hofu ya mkono wenye sigara unaoning'inia kwenye kimo cha uso wa mtoto. Migahawa ya mji huo huo iliendelea kujaa moshi. Sheria ya taifa ya kuizuia ilianza kutumika kikamilifu Aprili 2020.

Marufuku ya bidhaa yenyewe ni jambo jingine kabisa, ingawa mara nyingi huchanganywa na hii. Kenya na Rwanda zilipiga marufuku shisha mwezi Desemba 2017, popote inapovutwa. Bhutan ilikwenda mbali zaidi: ilikataza uuzaji wa tumbaku yote mwaka 2004, na mwaka 2011 mtawa kijana wa Kibudha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuingiza nchini tumbaku ya thamani ya dola chache. Umma ulikasirika, na mwaka uliofuata adhabu zikalegezwa. Asiyeona tofauti baina ya kumwambia mtu avutie nje na kumfunga kwa kuwa na tumbaku mfukoni hataweza kuitetea ile ya kwanza.

Swali gumu kuliko yote huja pale ambapo hakuna anayeweza kuondoka. Hospitali ya Rampton nchini Uingereza huwatunza wagonjwa wa akili chini ya ulinzi mkali. Uvutaji ulipokatazwa huko, wagonjwa walikwenda mahakamani wakisema kwamba hospitali hiyo ni nyumba yao, kwamba hawaruhusiwi kutoka nje wapendavyo, na hivyo kwao marufuku ya mahali imegeuka marufuku kamili. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2008, na Mahakama ya Rufaa vivyo hivyo mwaka 2009, ila si kwa kauli moja: jaji mmoja kati ya watatu aliona wagonjwa wana hoja. Muuguzi wa wodi hiyo ana haki ya hewa safi kama mhudumu wa baa. Mgonjwa, hata hivyo, hana dakika zake chache za kutoka na kurudi. Hapo mizani haijalala upande mmoja, na uamuzi wa wengi unakubalika tu endapo mgonjwa amepewa dawa ya kumvusha katika uraibu.

Deni kwa mvutaji

Jambo hilo la dawa haliwahusu wagonjwa wa Rampton peke yao. Wavutaji walio wengi walianza kabla ya kutimiza umri wa utu uzima. Chaguo linalotetewa kwa jina la mtu mzima lilifanywa na mtoto, na nikotini, ambayo huufikia ubongo sekunde chache baada ya kuvutwa, ikalifunga. Sehemu za kazi zisizo na moshi humsaidia mtu huyo hata bila kukusudia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba zinapoanzishwa, wanaovuta hupungua kwa karibu asilimia 4, na wanaoendelea hupunguza takriban sigara tatu kwa siku. Waliobaki wanahitaji msaada wa tabibu. Dawa mbadala za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na bupropioni na varenikilini tangu 2021. Kuwamo katika orodha hiyo si kuwamo katika duka la dawa la wilayani. Serikali inayokataza uvutaji na kupokea ushuru wake, kisha isiwe na kidonge wala mshauri wa kumpa anayetaka kuacha, imefanya nusu ya kazi, na ile nusu rahisi.

Hofu ya wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Chunya inaweza kujibiwa kwa ufupi: sehemu kubwa ya jani lao husafirishwa nje ya nchi, na bei yake haipangwi na kinachovutwa katika baa za Mwanza.

Linalobaki ni nani aadhibiwe. Sheria ya Kenya inaruhusu faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayevuta mahali pasiporuhusiwa, na adhabu ya namna hiyo mtaani humwangukia kwa urahisi zaidi kibarua asiye na wakili kuliko mteja wa hoteli. Ayalandi ilielekeza mzigo kwa mwenye jengo pia, kwa faini ya hadi yuro 3,000, na wakaguzi wakakuta sheria inafuatwa karibu kila walikoingia. Tofauti huonekana usiku wa Jumamosi. Mhudumu anayemwomba mteja azime sigara anahatarisha bahashishi yake, na pengine kazi yake. Mwenye baa akijua kwamba faini ni yake, visahani vya majivu huondolewa mezani kabla ya mteja wa kwanza kuketi, na mhudumu hahitaji kusema neno.